Mkwaruzo wa Gaspari

Fagio lilifanya kazi kimya. Lilikuwa mashine ya kioo yenye ukubwa wa kabati la vyombo, na ndani yake sindano ya mwanga ilipita juu ya utepe wa zamani, ikasoma kila chembe ya sauti iliyolala pale. Nyuma ya sindano utepe uligeuka vumbi la kahawia, na vumbi likanyonywa na bomba. Upande wa pili muziki ulitoka umetakata: hakuna mlio wa umeme, hakuna kikohozi cha mpiga tarumbeta, hakuna feni ya dari iliyozunguka studio mwaka 1999.

Kila utepe ulisomwa mara moja tu. Tepu hizo zilikuwa zimeoza kiasi kwamba zisingevumilia mara ya pili, kwa hiyo Nyumba ya Sauti ya Morogoro iliamua, mwaka 2058, kwamba ni afadhali kuzisoma na kuzipoteza kuliko kuzitunza zife bila kusomwa. Leokadia Mkude alikuwa mmoja wa waliopiga kura ya ndiyo. Hakusita, maana kusitasita hakukuwa tabia yake, na kwa miaka mitatu hakujuta.

"Leo tunamfagia mzee wako," Kobelo alimwambia Jumanne asubuhi, akinyanyua boksi la karatasi ngumu. Kobelo ndiye aliyeliendesha Fagio, na Leokadia alimwita kwa jina la mwanawe, Mama Adela. "Bendi ya Mzinga Asilia, 'Nipokee Kinole'. Gitaa la besi, Gaspari Mkude. Nimsafishe daraja gani?"

"Saba."

"Saba? Hilo ndilo la mwisho, Mama Adela. Hata siku ya kipaimara mzee hakuwa msafi hivyo."

"Ndiyo maana nataka aoge sasa. Mama yangu ana miaka themanini na mitatu. Nataka amsikie mume wake vizuri kabla hajamfuata."

Kobelo akafunga mlango wa kioo. Fagio likasoma kwa dakika nne, kisha likasema kwa sauti yake ya upole: "Chombo cha nne, gitaa la besi. Kuna kasoro ya mkwaruzo karibu wimbo mzima. Niondoe?"

Leokadia alijua mkwaruzo ni nini. Ni spika mbovu, akawaza. Studio za zamani zilikuwa na spika mbovu.

"Ondoa," akasema.

Jumamosi alikwenda Kihonda kwa mama yake, na chini ya kwapa alibeba boksi tupu la utepe. Kobelo alikuwa amempa kama ukumbusho, akaliita ganda. Kwa kawaida maganda yalipelekwa stoo bila kufunguliwa, kwa kuwa Fagio halikuyahitaji.

Bibi Perpetua alikuwa uani akichambua mchicha. Masikio yake ya kuzaliwa yalikufa zamani. Sasa alisikia kwa mbegu-sikio, chombo kidogo kama punje ya mtama kilichopandikizwa nyuma ya sikio. Mbegu hizo zilitengenezwa ili wazee wasikie mazungumzo, kwa hiyo sauti nzito za chini, kama ngurumo za mitambo na magari, zilikatwa zisiwasumbue. Wazee wengi walishukuru kuzipata. Bibi Perpetua pia alishukuru, ingawa alisema zimemrudishia na majirani.

"Kaa, mama," Leokadia alisema. "Nimekuletea baba."

Akauwasha wimbo kwenye spika ya ukutani. Tarumbeta zikaingia, zikang'aa kama sufuria mpya. Bibi Perpetua akaacha mchicha. Akamtambua mwimbaji, akamtambua mpiga solo, akacheka alipomsikia mpiga ngoma akiingia mapema. Halafu uso wake ukaanza kutafuta.

"Gaspari yuko wapi?"

"Huyo hapo, mama. Sikiliza chini."

"Nimesikiliza chini, juu na pembeni. Hayupo."

"Yupo. Mimi namsikia vizuri kabisa."

"Basi wewe ndiye mjane wake." Mama akarudi kwenye mchicha. "Leo mwanangu, mimi wimbo huu niliusikiliza kila Jumapili mwaka mzima, kijijini Kinole, kwenye redio ya betri mbili isiyozidi kiganja. Nilimsikia. Sasa nyumba nzima inapiga muziki na simsikii. Umemtoa."

Leokadia alimpigia Kobelo.

"Ule mkwaruzo tuliouondoa kwenye besi. Uko wapi?"

"Kwenye pipa la takataka za sauti. Nilikuwa nao."

"Ulikuwa?"

"Pipa humwagwa Ijumaa saa sita, Mama Adela. Kanuni umeandika wewe."

Ni kweli aliiandika yeye, na alitumia dakika tano tu. Alikata simu akabaki ameishika. Utepe ulikuwa vumbi, na takataka zilikuwa zimemwagwa. Mambo hayo mawili aliyafanya kwa mikono yake, kwa mapenzi mema na kwa haraka.

Nyuma yake mama alikuwa amelifungua boksi tupu, akalinusa kwanza, kisha akakigeuza kifuniko.

"Huu mwandiko ni wake," alisema. Macho yake yalikuwa mazima. Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari ya kalamu ya buluu chini ya kifuniko.

"'Fundi, salaam. Tafadhali besi usiisafishe. Huo mkwaruzo nimeuweka mwenyewe kwa wembe. Mke wangu yuko Kinole na redio ndogo, bila mkwaruzo hanipati. Wako, G. Mkude.'"

Chini ya hapo palikuwa na neno moja, kwa mwandiko mwingine na wino mwekundu: "Imeachwa."

Mama alikifunga kifuniko, akakifungua tena.

"Alipasua spika ya kaka yangu," alisema. "Spika nzima, mpya, akaichana kwa wembe. Nilimwambia ni mshamba anayetaka kelele. Nilimwambia mbele ya mama yake. Kila tulipogombana niliitaja ile spika, mpaka anakufa. Kwa nini hakusema?"

Leokadia alivuta kigoda akaketi. Sasa alielewa, na kama mtu mwenye stashahada ya ufundi sauti alipaswa kuelewa Jumanne. Sauti ya besi ni wimbi pana. Spika ndogo haina kifua cha kulisukuma, kwa hiyo hunyamaza. Lakini wimbi hilo likipasuliwa, huzaa sauti nyingine juu yake, nyembamba, ambazo spika ndogo inaziweza.

"Ni kama nyumba ya jirani," alimweleza mama. "Ukisikia watoto wanapiga kelele uani unajua mama yao yuko ndani, hata kama humsikii. Baba aliitengenezea besi yake watoto, ili redio yako iwasikie hao, na wewe umjue yeye. Mbegu-sikio yako haina tofauti na redio ile. Mimi nimewafukuza watoto wote."

"Basi waite warudi."

"Wale wamekwenda, mama. Naweza kuzaa wengine. Sijui kama watafanana naye."

"Zaa, nitakwambia."

Leokadia alifungua bamba lake la kazi, kompyuta bapa aliyotembea nayo. Besi safi ilikuwa imetengwa peke yake, noti zote zipo. Akaanza na ovadraivu, ule ufundi wa zamani wa kukilazimisha kikuza sauti kifanye kazi kupita uwezo wake mpaka sauti ianze kukoroma.

"Nasikia mtu," mama alisema. "Amekula ugali mwingi amelala. Si yeye."

Akajaribu fazi, ambayo huyakata mawimbi vichwa mpaka yanabaki bapa.

"Nyuki. Ondoa."

Akapunguza, akaongeza, akachanganya. Saa nzima ikapita. Mara mbili mama aliinamisha kichwa kama anayeitwa kwa mbali, na mara mbili akakitikisa. Bamba lilikuwa na mikwaruzo ya kuiga mia nne, na hakuna hata mmoja uliokuwa wembe wa Gaspari.

"Leo," mama alisema hatimaye, "yeye hakuwa na hilo dude. Alikuwa na wembe."

"Nitapata wapi spika ya karatasi? Hazitengenezwi tena."

Mama aliinua kidevu kuelekea sebuleni. Leokadia akajua. Juu ya kabati la sebuleni ilikaa spika ya mbao aliyoijenga kwa mtihani wake wa mwisho chuoni, miaka thelathini na sita iliyopita. Mama alikuwa akiifuta vumbi kila wiki na kuwaonyesha wageni.

"Hiyo ndiyo stashahada yangu, mama."

"Ulipata alama ngapi?"

"Tisini na moja."

"Zimetosha. Hazitapungua." Akaingia ndani, akatoka na wembe kwenye karatasi yake.

Leokadia aliifungua spika. Karatasi yake nyeusi ilikuwa bado ngumu, imekaa sawa. Akaichana mara moja, urefu wa kidole. Kisha akaipitisha besi safi ndani ya spika iliyochanwa, akaweka maikrofoni mbele yake na kurekodi upya kile kilichotoka. Ile safi aliiacha chini, ishike uzito. Ile iliyokwaruzwa aliikata miguu, yaani sauti zake za chini, isigombanie nafasi, akaipandisha kidogo kidogo juu ya mwenzake.

"Chana tena," mama alisema. "Alichana mara mbili. Nilizihesabu nilipokuwa natukana."

Akachana tena, akarekodi tena, akauwasha wimbo tangu mwanzo.

Besi ikaingia kwa sauti ya kukwama kooni, kama mtu anayetaka kusema neno kubwa kupitia mlango mdogo. Bibi Perpetua aliweka kiganja juu ya goti. Kidole cha kwanza kikaanza kugonga, kisha mguu. Ubeti wa pili ukaingia.

"Anachelewa," alisema. "Nilimwambia kila siku, Gaspari, unachelewa nyuma ya ngoma. Bado anachelewa."

Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Wimbo ulipoisha alilishika boksi kwa mikono miwili na kuliambia, kama anayezungumza na mtu wa upande wa pili wa meza:

"Ahsante, baba Leo. Nilikupata. Kila Jumapili nilikupata."

Baadaye, mchicha ukiwa jikoni, akasema, "Na huyu wa wino mwekundu ni nani?"

"Fundi wa siku zile. Hakuweka jina."

"Mwombee. Angeweza kuipuuza hiyo barua. Aliisoma."

Jumatatu Leokadia alifika kazini mapema. Tepu elfu tisa zilikuwa zimeshapita kwenye Fagio, na maganda yake yalikuwa stoo, hayajafunguliwa. Hakujua ni mangapi kati yake yalikuwa na barua kwa fundi. Zilibaki tepu elfu tatu na mia mbili. Akalichukua boksi la kwanza, akalifungua mwenyewe na kutazama chini ya kifuniko. Hapakuwa na kitu.

"Limefanya nini hilo boksi?" Kobelo aliuliza akivua koti.

"Tangu leo tunasoma boksi kwanza. Na pipa halimwagwi."

"Kanuni inasema..."

"Kanuni naiandika upya, na safari hii sitatumia dakika tano. Weka utepe."

Fagio likasoma, na utepe ukawa vumbi. "Chombo cha pili, gitaa la kati," likasema. "Kuna kasoro ya mkwaruzo. Niondoe?"

Leokadia aliusikiliza ule mkwaruzo peke yake. Hakujua mkwaruzo ule uliwekwa na nani, wala kwa ajili ya nani.

"Acha," alisema. Kisha akatafuta kalamu ya wino mwekundu, akaandika chini ya kifuniko: "Imeachwa."