Neno Kutoka Nyuma

Jumamosi ile ilianza vizuri, jua limetulia, watu saba wa chama cha wapenda mimea wakiingia msituni kwa vicheko. Aliyetangulia ni Mwalimu, jirani yetu mstaafu, mtu aliyejisikia sana tangu ua moja adimu la manjano lipewe jina lake. Njia ile hakuwa ameikanyaga tangu mwaka uliopita, lakini wenzake walimng'ang'ania mpaka akakosa pa kutokea. Walitaka kuona mahali alipolipata.

Njia ilikuwa nyembamba, wakaenda mmoja nyuma ya mwingine, na walikuwa na utaratibu wao. Mwalimu akitaja mmea, jina lilipokezwa mdomo kwa mdomo hadi kwa aliyefunga mstari. Siku hiyo alikuwa Dereva, mzee wa kitambi na utani. Naye alijibu, "Limefika," na jibu likarudishwa mbele vilevile.

"Mvule," alisema Mwalimu.

Limefika.

"Mkuyu."

Jibu lilichelewa. Kisha Mfamasia, binti aliyekuwa nyuma ya Mwalimu, akacheka kidogo.

"Mwalimu, Dereva anasema si yeye aliyejibu. Eti kuna mwanamke nyuma yake."

"Mwambie hatujaja kwenye vichekesho."

Ujumbe ulikwenda, ukarudi. "Anasema hatanii. Anamsikia tu, hamwoni."

Mwaka uliopita aliyefunga mstari alikuwa Mama Cherehani, fundi wa nguo mwenye macho makali. Aliteleza korongoni akichuma ua ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mwalimu alirudi peke yake kumtafuta, akamkuta chini kidogo ya ukingo, mguu umevunjika, ua mkononi. Miaka thelathini alikuwa amefundisha mimea yenye majina ya watu wengine. Alichukua ua, akawarudia wenzake akasema mama wa watu hayupo, lazima ameshaenda kwake. Walimpata siku ya nne, amekufa, kucha zimekwisha kwa kuparua mwamba. Mazikoni Mwalimu alilia kuliko ndugu. Mimi simwonei huruma hata chembe.

"Kuna neno limetoka nyuma," Mfamasia alinong'ona. Hakucheka tena. "'Kaka, nilikuita.'"

Mwalimu aliongeza mwendo.

"Lingine. 'Nilikunyooshea mikono miwili. Ukachagua wenye ua.'"

Mstari wote ulisimama. Maneno yale yalikuwa yamepita vinywani mwa watu sita, na wote sita sasa walimtazama yeye.

"Mwalimu," aliuliza Mfamasia, machozi yakimlenga, "ulimwona?"

"Sikumwona! Waambie huko nyuma. Sikumwona!"

Hakuna aliyelipokea neno lile.

Lilijibiwa hata hivyo. Taratibu. Sikioni mwake. Kutoka mbele, ambako hapakuwa na mtu.

"Limefika."

Mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe. Akaanguka.

Walimbeba hadi nyumbani. Huu ni mwezi wa pili amelala, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, na daktari ameshindwa kuukunja. "Niache" ndilo neno pekee analosema. Kila asubuhi mkewe hukuta kitanda kimesogea hatua moja kwenda mlangoni, miguu ya kitanda imechora mistari kwenye saruji. Hukisukuma tena hadi ukutani, akidhani ni mumewe anayehangaika usingizini.

Jana Mfamasia alikwenda kumsimulia mke huyo yote. Alisikiliza hadi mwisho.

Asubuhi ya leo kitanda kilikuwa kimesogea tena. Hakukirudisha. Alifungua mlango, akauwekea jiwe usijifunge, akachukua kikapu chake na kwenda sokoni.