Koki Juu ya Paa la Zahanati

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili alimpeleka mdogo wake zahanati kufanya mazoezi ya miguu ndani ya bwawa. Miguu ya mtoto ilikuwa imelegea tangu alipougua, na daktari alisema maji yangemsaidia kusimama tena. Lakini zahanati ilikuwa kilimani, penye upepo kutwa kucha, na maji yalikuwa baridi ya kung'ata. Mtoto alitetemeka, akalia, akatolewa bila kujaribu hata hatua moja.

Basi msimamizi wa zahanati akaamua kuweka paneli za kupasha maji kwa jua. Aliwaita mafundi wawili: mama yake Pilipili, na fundi mmoja waliyemwita Mheshimiwa kwa sababu ya majivuno yake. Kila mmoja aweke paneli moja juu ya paa pamoja na pipa lake la maji. Alasiri maji yangepimwa, na mwenye maji ya moto zaidi angepewa kazi.

Pilipili alimchukia Mheshimiwa kutoka rohoni. Bomba alilofunga Mheshimiwa lilipasuka, maji yakafurika nyumba ya watu, naye akatangaza mtaa mzima kwamba aliyelifunga alikuwa mama. Tangu hapo watu wakaacha kumwita mama kazini. Binti hakuitwa Pilipili bure. "Leo atanitambua," alisema moyoni.

Paneli ya mama ilikuwa zulia la mabomba meusi lisilo na kioo; akalitandaza juu ya paa. Mheshimiwa alileta sanduku lenye kioo juu. Akalitazama zulia la mama, akacheka.

"Mama, hilo ni la kuanikia mahindi?"

Mchana, watu walipokaa kivulini, Pilipili alipanda ngazi akijifanya anafuata spana. Akaifunga koki iliyo kati ya sanduku la Mheshimiwa na pipa lake. Dawa ya moto ni moto, aliwaza, akashuka ametulia kabisa.

Alasiri msimamizi alipanda na kipimajoto. Mama alikuwa ametangulia. Aligusa kioo cha Mheshimiwa, akaondoa mkono haraka kwa joto. Akagusa bomba linaloingia kwenye pipa; baridi. Akaitazama koki, kisha akamtazama binti yake, ambaye ghafla alikuwa anavichunguza vidole vyake vya miguu.

Mama angenyamaza tu, kazi ingekuwa yake, na Mheshimiwa angeshuka na aibu yake.

"Usipime kwanza," akamwambia msimamizi. "Koki hii imefungwa, na aliyeifunga ni mwanangu. Maji yazunguke, tupime kesho."

"Mama, unamtetea huyu?" Pilipili aliuliza kwa hasira.

Kesho yake maji ya Mheshimiwa yalikuwa ya moto, ya mama vuguvugu. Mheshimiwa akapewa kazi, na hata asante hakusema. Pilipili alipewa adhabu ya kufuta vumbi kwenye vioo vya bwana huyo juu ya paa kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza alifuta huku analaani, mama akimshikia ndoo.

"Kwani zulia letu lina ubaya gani?" aliuliza.

"Halina ubaya. Penye joto na utulivu lingefaa sana. Hapa upepo unaliibia joto, na kioo kinazuia upepo. Niliuona upepo huu tangu nilipofika, lakini nilitaka mno kumshinda yule bwana kwa kitu changu mwenyewe, nikakaidi. Hata mimi hasira ilinichagulia paneli."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Nani kasema? Kesho nakwenda na msimamizi kwenye nyumba ile iliyofurika, nionyeshe kiungo cha bomba kilichopasuka ni kazi ya nani. Nitaidai haki yangu mchana, mbele ya watu, naye akiwepo."

Chini yao, mdogo wake alikuwa amesimama ndani ya maji, ameshika ukingo. Akauachia. Akapiga hatua moja, ya pili, kisha akamwangukia daktari huku akicheka.

Pilipili aliacha kufuta.

"Mheshimiwa angekosa kazi hii angepata nyingine," mama alisema. "Ukiwa na kisasi mwanangu, angalia kwanza kinapita kwa nani. Koki ile ulimfungia huyu mdogo wako."