Kosa Alilolibeba Débora

Kila alasiri ya Majilio, Myriam alinawa miguu, akajipaka mafuta, akachukua daftari lake la nyimbo na kushuka kanisani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika kwaya ya watoto ya mtaa wao hapa Butembo yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alilijua hilo, na alihakikisha kila mtu analijua.

Mwaka ule wa 2000 vita vilikuwa vimefika Mutwanga. Wakimbizi walipanda Butembo na magodoro kichwani, na mama yake Myriam, Mama Germaine, akapokea familia moja katika jiko lake la uani: Mama Kahongya, binti yake Débora wa miaka kumi na mmoja, na Luc, mtoto wa miezi minane. Baba yao hakuonekana tena tangu siku ya risasi. Myriam aliwasalimia kwa shida, kana kwamba salamu inanunuliwa.

Maskini Débora alipenda kuimba. Siku moja alikuja kwenye mazoezi na Luc mgongoni, akasimama nyuma kabisa. Dada Virginie, mwalimu wa kwaya, alipomsikia alisimamisha wimbo.

"Weye wa nyuma, kuja hapa mbele! Siku ya Noeli utaanzisha wimbo pamoja na Myriam."

Myriam akafunga daftari lake kwa kishindo. Pamoja na mkimbizi wa jikoni kwao! Dada Virginie alipotoka kidogo kwenda kwa padri, Luc akakohoa, na Myriam akapata sababu. Alimsogelea Débora, akamwambia chini chini ili wengine wasisikie.

"Mutoto wako anatuharibia wimbo. Enda naye inje."

"Lakini yaya, mvua inaanza," Débora alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Nimesema inje! Ama unasahau unalala kwa nani?"

Débora akatoka. Alisimama chini ya ukingo wa bati nyuma ya kanisa, akamfunika Luc kwa kitenge chake, lakini mvua ya Butembo ni ya baridi na upepo, na iliwalowesha wote wawili. Dada Virginie aliporudi, Myriam alimwambia kwamba Débora amekwenda nyumbani.

Luc alizidi kukohoa. Wakampeleka kwa muuguzi, naye akasema ni mapafu. Siku mbili kabla ya Noeli, Luc akafa.

Walimzika kesho yake asubuhi. Wanawake walirudi wakaketi kwenye mikeka uani, na Myriam akawa anateka maji na kuosha masufuria, akitumaini kazi itautuliza moyo wake. Ndipo akasikia sauti ya Mama Kahongya, imekauka kwa kulia.

"Débora, juu ya nini ulimuweka Luc mu mvua? Nilikuachia mutoto mumoja tu!"

Débora aliinamisha kichwa. "Ni miye mwenyewe nilitoka, mama. Alikuwa analia."

Myriam alisimama na sufuria mkononi. Alielewa mara moja. Kama Débora angemtaja binti wa nyumba, Mama Kahongya angelala wapi? Hakuna mwingine aliyejua. Kesho ilikuwa Noeli, na Myriam angeweza kuvaa kitenge kipya na kuimba kama kawaida. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kumpeleka kwenye mkeka, naye akapiga magoti katika tope.

"Mama Kahongya, Débora hana kosa. Ni miye nilimufukuza inje. Nilimuonea wivu juu ya sauti yake. Nikamukumbusha kama analala kwetu."

Mama Germaine akaziba mdomo kwa mkono. Myriam alingoja kofi, nalo halikuja. Mama Kahongya akajikokota kwa magoti mpaka kwa binti yake.

"Mwana wangu, unisamehe. Nilikubebesha muzigo haiko yako."

Wakakumbatiana, wakalia, na hakuna aliyethubutu kuwanyamazisha. Baadaye Débora alimgeukia Myriam.

"Yaya, leo siwezi kukusamehe. Lakini aksanti kwa kusema."

Siku ya Noeli Dada Virginie ndiye aliyeanzisha wimbo. Myriam alikuwa amemweleza yote, akaketi benchi la mwisho, akalia misa nzima. Waliporudi nyumbani, mama yake alimwita.

"Muuguzi alisema ugonjwa ulimuingia Luc mu njia, walipolala porini," alisema Mama Germaine. "Lakini sitakudanganya: ile mvua haikumusaidia. Jana ulipiga magoti, na ulifanya vizuri. Lakini kujishusha hapana kazi ya siku moja. Sasa utaishi na Débora bila kumudai asahau."

"Mpaka lini, mama?"

"Hiyo hapana ya weye kuuliza. Beba hii sahani, umuulize Mama Kahongya kama amekula. Akikataa, umuulize tena kesho."

Myriam akaenda, akauliza kama alivyoagizwa, akaweka sahani na kuketi chini karibu na mlango wa jiko. Mama Kahongya akamega tonge moja la ugali. Alilitafuna polepole, machozi yakimtiririka.

"Ita Débora," alisema. "Mukule wote wawili."