Vidonge Sita kwa Mkupuo

Mume wangu Lukumani ni seremala. Karakana yake iko uani kwetu, hapa Chemchem, Tabora. Nikifagia, nafagia maranda. Nikipika, naokota maranda kwenye unga. Hayo nilishayazoea. Kilichonishinda ni ubishi wake.

Mwaka wa 1977 alipewa kazi ya madawati ya shule. Mbao zilikuwa za mninga. Kutwa alipiga goti, anapiga randa. Goti la kulia likavimba. Zahanati wakampa aspirini. Akaambiwa ameze vidonge viwili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula, kwa siku tano tu. Maneno ya mwisho aliyaacha kulekule mlangoni.

Ramadhani ikaingia. Adhana ya magharibi ilipolia, nikamwona anamimina vidonge kiganjani. Sita!

"Baba Sikuzani, vyote hivyo vya nini?"

"Vya asubuhi, vya mchana na vya jioni. Mchana nimefunga. Nimeze saa ngapi?"

"Ndiyo umeze vyote kwa mkupuo? Na tumbo tupu?"

"Viwili mara tatu ni sita. Hesabu ni ileile."

Akavibugia, akashushia maji. Tende hajagusa. Uji hajagusa. Nikashika kichwa. Mtu huyu hupima ubao mara tatu kabla ya kukata, lakini dawa anajipimia anavyotaka!

Haikuishia hapo. Siku tano zikapita, vidonge vikaisha, akanunua vingine. Tena rafiki yake Abasi, fundi cherehani wa jirani, akamletea pakiti ya vidonge vya rangi ya waridi.

"Hii ni dawa nyingine," Abasi akasema. "Ile nyeupe ikichoka, hii inasaidia."

Basi ikawa sita vyeupe na viwili vya waridi, kila magharibi. Nikisema, naambiwa, "Mama Sikuzani, udaktari umesomea lini?" Kweli sikusomea. Lakini macho si ninayo?

Wiki ya pili tumbo likaanza kumuunguza. Akasema ni njaa tu. Nikamwambia, "Mgonjwa ana ruhusa. Kula, siku zako utazilipa baadaye." Akanuna. Alitaka Idd imkute amefunga zote. Lo! Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita ya mfungo alisimama kuchukua msumeno. Akayumba, akaanguka juu ya mbao. Jasho lilimtoka, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Nikakimbia kwa Paskazia, muuguzi wa zahanati, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akaja upesi. Akamshika mkono, akamtazama ndani ya kope.

"Shemeji, choo chako kikoje?"

Mume wangu akatazama ukuta. "Nesi, mbele ya mke wangu..."

"Sema!"

"Cheusi," akajibu kwa sauti ndogo. "Kinanata kama lami. Leo siku ya tatu."

Siku tatu! Na mimi namwandalia futari kila magharibi, yeye kimya! Nilitaka kumpiga, nilitaka kulia. Nikalia.

"Hiyo ni damu," Paskazia akasema. "Tumbo linavuja ndani. Umemeza nini?"

Nikaleta pakiti zote mbili. Paskazia akaweka kidole kwenye maandishi. "Mama Sikuzani, wewe unasoma darasa la watu wazima. Soma hapa."

Nikasoma polepole pakiti ya vile vyeupe. "As-pi-rin."

"Na hii ya waridi?"

"As-pi-rin."

"Dawa ni moja. Rangi ni nguo tu."

Pakiti ile ilikaa kabatini kwangu wiki nzima. Nilijua kusoma, na sikuisoma. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe.

"Twende hospitali sasa hivi," Paskazia akasema.

"Nimebakiza siku kumi na tano za kufunga," Lukumani akanong'ona.

"Ukibisha, utabakiza mjane."

Tulimlaza kwenye mkokoteni wake wa mbao. Abasi aliukokota mwenyewe, huku machozi yanamtoka. Hospitali wakamtundikia maji, kisha damu. Chupa moja alitoa Abasi. Siku mbili sikujua kama nitarudi nyumbani na mume. Siku ya tatu akaomba uji.

Paskazia alikuja kumwona. Akaketi kitandani.

"Goti likiumia, mwili hutengeneza kemikali fulani. Hizo ndizo huleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Aspirini huuzuia mwili usizitengeneze. Ndiyo maana goti hutulia."

"Si inasaidia, basi?"

"Ngoja, shemeji, huachi ubishi! Kemikali za jamii hiyohiyo huulinda utando wa tumbo. Utando huo ni kama vanishi kwenye meza yako. Vanishi ikibanduka, maji yanafanya nini?"

"Yanaingia kwenye mbao. Mbao inaharibika."

"Basi tumboni mna asidi kali. Imekuchimba kidonda. Tena aspirini huchelewesha damu kuganda, kwa hiyo kidonda kinazidi kuvuja."

"Angekula kwanza je?" akauliza Abasi, aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Chakula hupunguza kuunguza, lakini hakizuii kila kidonda. Kwa hiyo usizidishe kipimo wala siku. Dozi za kutwa haziunganishwi. Usichanganye pakiti mbili za dawa moja. Usiimeze pamoja na pombe. Mtoto, mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo asimeze kabla ya kumwuliza daktari. Na mtu akiona choo cheusi, aende hospitali siku hiyohiyo."

Akamgeukia Lukumani. "Wewe, aspirini ndiyo basi tena. Dawa yoyote ya maumivu, uliza kwanza."

Safari hii hakubisha.

Sasa anapiga randa amekaa kwenye kigoda. Jioni namkanda goti kwa maji ya moto. Madawati yalifika shuleni. Daktari alipomruhusu, siku zake za funga alizilipa.

Juzi Abasi alikuja anaumwa mgongo. Mkononi ana pakiti ya vidonge vya kijani. Mimi nilikuwa jikoni.

"Hivi ni vipya," nikamsikia anasema. "Ngoja nimeze viwili hapa."

"Usimeze!" Lukumani akafoka. "Umekula? Umesoma pakiti?" Kisha akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Mama Sikuzani! Njoo utusomee!"

Mikono yangu ilikuwa na unga na maranda. Nikaifuta, nikaenda kusoma.