Gundi Kwenye Bomba la Turbo

Ghati alikuwa amelala chini ya gari akikaza bolti ya mwisho ya bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila likizo alifanya kazi na shangazi yake, fundi Debora, kwenye gereji yao ya Nyakato, Musoma.

Gari lilikuwa la Mwalimu Kasmiri. Injini yake ilizoea kuvuta hewa yenyewe, na ikipanda mlima wa kwenda Butiama na mzigo ilichoka. Sasa walikuwa wanaifungia turbo, ili iisukumie hewa zaidi. Turbo hiyo ya mtumba waliitafuta miezi miwili. Mwalimu alikuwa amefika kuisikia ikiwashwa kwa mara ya kwanza.

"Umemaliza au umelala humo?" aliuliza Ryoba, binamu wa Ghati.

"Shika tochi, acha maneno."

Mwanga ulipotulia, Ghati aliona gundi imefura kuzunguka kiungo, kama uji unaofurika sufuria. Shangazi alikuwa amemwambia aweke gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba kiungo, ikiwa kavu, lakini Ryoba alisema, "Bila gundi inavujaga," naye Ghati akapaka nyingi.

Kama nje imetoka hivi, ndani si imeziba njia? Oili isiporudi, turbo itakufa.

"Nyamaza," alinong'ona Ryoba, ambaye naye aliiona. "Haivuji. Nani atajua?"

Juu yao, mlango wa gari ulifunguka. Shangazi alikuwa anaingia na ufunguo.

"Shangazi, usiwashe!" Ghati alijiburuta nje, mashavu yamejaa oili. "Nimepaka gundi kwenye bomba la chini. Nyingi."

Shangazi alimtazama, akateremka. "Haya, fungua tuone."

Walifungua bolti moja moja. Ndani, gundi ilikuwa imeziba nusu ya tundu.

"Mimi ndiye niliyemwambia apake," alisema Ryoba, akitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo leo siisikii?" Mwalimu aliuliza.

"Leo hapana, Mwalimu. Tunasafisha, kesho tunakata gasketi nyingine."

"Bora kesho kuliko kukwama mlimani."

Shangazi alimpa Ghati kitambaa. "Kukosea, hata mimi nakoseaga. Lakini kosa ulilolisema tunalitoa kwa spana. Ungelificha, lingekula turbo yote. Fundi anasema mwenyewe, hasubiri injini imsemee."

Ghati alikwangua gundi mpaka chuma kikang'aa. Kisha akaziba mdomo wa turbo vumbi lisiingie, akapanga bolti nne juu ya gazeti, tayari kwa asubuhi.