Mbuzi Naye ni Mshahara

Asubuhi za Nkwenda, mkoani Kagera, huanza na ukungu. Unakaa juu ya migomba, hauna haraka. Desderius naye hakuwa na haraka. Alikuwa akianika kahawa ya shangazi yake, Kokuberwa, kwenye jamvi. Mikono ilikuwa kazini, kichwa kilikuwa safarini.

Desderius alikuwa mtu wa Uganda. Kwao ni ng'ambo ya Mto Kagera, si mbali na Murongo. Shangazi aliolewa upande huu wa Tanzania, naye kijana akamfuata ili asome chuo cha kilimo. Ilikuwa mwaka 1996, na alikuwa mwaka wa pili chuoni. Kusema kweli, hakujiona mgeni. Lugha ya huku na ya kwao zinaelewana. Hata ndizi zinapikwa vilevile.

Likizo ndefu ilipoanza, Mzee Kahigi, mnunuzi wa kahawa, alikuja na ombi. Karani wake wa mizani alikuwa amehama, na msimu umepamba moto. Alimtaka Desderius awe anapima kahawa ghalani kila siku. Kila mwezi ukiisha, atampa mbuzi jike.

"Sikulipi, mwanangu," alisema. "Ni asante tu. Mkono mtupu haulambwi."

Shangazi alifurahi. Desderius akaanza kuota mchana kweupe. Mbuzi mmoja akazaa wawili. Wawili wakajaza zizi. Zizi zima likageuka ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu, na mama yake amekaa mlangoni na kibuyu cha maziwa, anatabasamu. Ng'ombe huyo hakula hata jani, maana alikuwa wa kichwani. Lakini maziwa yake yalikuwa matamu sana.

Jioni alipita jirani yao, Mama Therese. Yeye alikuwa mlezi wa wanafunzi pale chuoni. Desderius alimwamkia shikamoo, na shangazi akampa habari za mbuzi kwa majivuno. Mama Therese hakucheka. Aliketi ukingoni mwa jamvi.

"Desderi, uliruhusiwa kuingia nchini ufanye nini?"

"Nisome, mama."

"Basi ruhusa yako ni ya kusoma. Kufanya kazi kuna ruhusa yake nyingine."

"Lakini silipwi, mama. Mbuzi ni zawadi."

"Usipokwenda ghalani mwezi mzima, atakupa huyo mbuzi?"

Desderius alitikisa kichwa.

"Ukipewa kitu kwa sababu umefanya kazi, hayo ni malipo," alisema Mama Therese. "Yawe fedha, yawe mbuzi, yawe debe la maharage."

Shangazi aliingilia kati. Je, kahawa hii anayoianika hapa nyumbani nayo ni kosa? Mama Therese alimtuliza. Kijana kumsaidia shangazi yake nyumbani ni malezi, hakuna aliyemwajiri. Kushika mizani ya mfanyabiashara kila siku ni ajira. Kisha akawasimulia habari za mwenzake aliyesoma naye nchi ya nje. Yule alichunga duka la watu bila ruhusa. Alifutiwa kibali cha masomo, akarudi kwao kabla ya mtihani wa mwisho. Tena kila nchi ina sheria yake. Ziko zinazoruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa chache, na ziko zinazokataa kabisa mpaka upate kibali. Kwa hiyo mtu aulize kwanza, chuoni au ofisi ya uhamiaji. Kuuliza si ujinga.

Desderius aliumia. Ng'ombe wake aliondoka polepole, akaingia ukunguni. Lakini aliogopa zaidi kupoteza masomo. Mama yake alikuwa amemtuma kusoma, na hakutaka kurudi kwake nusu njia.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Kahigi, akamwambia hataweza kupima kahawa kwa kuwa ni mgeni. Mzee alikunja uso.

"Wewe ni mtoto wa Kokuberwa. Ugeni umeutoa wapi?"

"Kwako mimi ni mtoto, mzee. Kwa sheria mimi ni mgeni. Nikifukuzwa, utakosa karani, na mimi nitakosa chuo."

Mzee akacheka kidogo. Akamwita binti wa jirani, mwenyeji, akamwajiri.

Mwaka wa tatu ulipofika, wanafunzi walitakiwa kujifunza kwa vitendo. Chuo kiliuliza uhamiaji kwanza, wakakubali. Desderius akapelekwa kwa Mzee Kahigi, kama sehemu ya masomo, bila malipo. Alijifunza kuchambua kahawa mbivu na mbichi, na kuikausha isiote ukungu. Mzee alimpenda.

Alipofaulu, Desderius alirudi kwao akasubiri. Mzee Kahigi alimwombea kibali cha kazi. Majibu yalichelewa. Siku nyingine kijana alikata tamaa, akalala mchana, akaota mto usio na daraja.

Hatimaye kibali kilitoka. Asubuhi moja alivuka daraja la Murongo, mama yake akiwa kando yake. Afisa wa uhamiaji alimtazama.

"Unakuja Tanzania kufanya nini?"

Desderius alimtazama mama yake, kisha afisa. Hakuwa anaota.

"Kazi," alisema.

Afisa akagonga muhuri. Mama akaanza kulia kwa furaha, palepale kwenye foleni, mbele za watu.