Damu Haifuliwi kwa Maji ya Moto

Kwa Dobi hapakauki watu. Anayekuja kuchukua shati hubaki akachukua na habari za mtaa. Pana benchi moja, pasi mbili, na sufuria kubwa inayochemka tangu asubuhi. Pembeni hukaa Shangazi, dada yake Dobi. Mikono inakunja mashuka, mdomo haupumziki.

"Moto ndio usafi," Dobi hupenda kusema. Maneno hayo aliyarithi kwa baba yake, pamoja na sufuria.

Jumatano hiyo habari ilikuwa ya nyumbani. Binti wa Dobi, ambaye wote humwita Maswali, alipata nafasi chuo kikuu. Lakini haikuwa ya udaktari, kama baba alivyotaka. Ilikuwa ya biokemia. Alitakiwa aithibitishe kabla ya Ijumaa jioni. Asipofanya hivyo, nafasi angepewa mwingine.

"Aliyesoma udaktari anaitwa daktari," alisema Dobi. "Aliyesoma sheria, wakili. Aliyesoma hiyo yako anaitwaje?"

"Mtaalamu wa biokemia, baba."

"Umeona? Hata jina fupi hana!"

Shangazi alicheka mpaka akaangusha foronya. "Labda anatengeneza sumu ya panya, kaka. Na hapa panya tunao."

Maswali hakucheka. Alikuwa na siri. Hakukosa udaktari. Biokemia ndiyo aliyoiandika ya kwanza kwenye fomu ya maombi, bila kumwambia baba yake.

"Hodi!"

Aliingia Dada Makoti. Walimwita hivyo kwa sababu kila wiki alileta makoti meupe kutoka maabara ya hospitali. Leo alirudisha moja. Mkononi lilikuwa na doa.

"Dobi wangu, doa hili lilikuja jekundu, limerudi kahawia. Limehama rangi, halijahama nguo."

"Nimelichemsha saa nzima!" Dobi alijitetea. "Na sabuni ni ileile ya unga uliyonishauri. Walikudanganya waliokuuzia."

"Umelichemsha? Basi umelipika. Yai ukilitia kwenye maji yanayochemka, linakuwaje?"

"Linaganda."

"Damu nayo ina protini, kama yai. Ukiipika inagandia kwenye nyuzi. Na ndani ya sabuni ile mna vimeng'enya. Hivyo ni kama mikasi midogo sana. Vinakatakata doa, maji yanabeba vipande. Lakini vyenyewe ni protini pia. Ukivichemsha, mkasi unaharibika kabla haujakata."

Maswali alisogea. "Hata tumboni tuna mikasi hiyo? Ya kukata chakula?"

"Tele."

"Sasa mtu akipata homa, haiharibiki?"

"Homa haifiki hata nusu ya joto la maji yanayochemka. Lakini ikizidi sana, ndiyo, mwili hutatizika." Dada Makoti alimtazama. "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Hakuna. Najiuliza tu."

Shangazi na kimya hawapatani. "Amepata biokemia, baba yake hataki."

"Biokemia? Mbona ndiyo niliyosoma mimi!"

Pasi ya Dobi ikabaki hewani. "Wewe si daktari?"

"Hapana. Daktari anakuona wewe, mimi naiona damu yako. Sukari imepanda? Figo zinachuja vizuri? Nampelekea majibu, naye anajua atibu nini."

"Na huko chuoni mlisoma nini hasa?"

"Kemia ya vitu vilivyo hai. Kwa nini maziwa yanachacha, mbegu inaota, dawa inatuliza maumivu. Ni miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Lazima uwe umefaulu kemia na biolojia. Muda mwingi uko maabara, na vyombo unaosha mwenyewe."

"Kuosha anajua," alisema Shangazi.

"Na kazi?" aliuliza Dobi.

"Mwenzangu mmoja anapima maziwa kiwandani. Mwingine yuko kwenye utafiti wa mbegu. Wapo wanaotengeneza dawa, na hata sabuni. Mmoja anapima damu iliyokutwa kwenye kisu, aseme ni ya nani."

"Huyo nataka kumjua!" Shangazi aliruka.

"Hasimulii mtu, Shangazi."

"Basi ana kazi mbaya."

Dada Makoti alicheka, kisha akatulia. "Lakini sitakuficha, Dobi. Cheti peke yake hakifungui mlango. Kwa kazi ya hospitali, kwingine wanataka mafunzo zaidi na usajili. Mimi nilikaa mwaka bila ajira, nikijitolea kwenye maabara ya maji. Ulizeni chuo kinawapeleka wapi wanafunzi kwa mazoezi ya kazi."

"Umesema vizuri," alijibu Dobi. "Ila mimi naamini jicho langu."

"Basi tujaribu, baba," alisema Maswali.

Kesho yake asubuhi alikwenda buchani na vipande vitatu vya shuka kuukuu. Kila kipande kikapata matone matatu ya damu. Akavianika juani mpaka vikakauka. Kisha akapanga mabeseni matatu: maji baridi, maji ya vuguvugu, maji yanayochemka.

"Jamani, mmeingia uganga?" aliuliza Shangazi.

"Mbona sabuni unapima kijiko kimoja kimoja?" aliuliza Dobi.

"Ili tofauti iwe kwenye maji tu. Nikibadili vitu viwili, sitajua kipi kimefanya kazi."

Dobi alikitazama kile kijiko. Miaka thelathini ya kufua, hakuwahi kuwaza hivyo.

Baada ya saa moja walivitoa. Kipande cha maji ya moto kilikuwa na doa la kahawia. Cha maji baridi, doa limefifia. Cha vuguvugu kilikuwa cheupe.

"Kumbe nimekuwa mpishi wa damu za watu!" alisema Dobi. "Na tukianza na baridi, halafu vuguvugu?"

"Sijui. Tujaribu."

Hadi saa sita mchana kamba ilikuwa na vipande tisa, na wateja wamesahau nguo zao. Hapo Maswali akapata moyo.

"Baba, sikukosa udaktari. Biokemia niliiandika ya kwanza."

Dobi alikamua kitambaa taratibu. "Shangazi yako aliniambia siku ileile uliyoiandika."

Shangazi akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe," alisema Dobi. "Haya, lete simu. Tunabonyeza wapi kuthibitisha?"

Maswali sasa yuko mwaka wa kwanza. Ile sufuria huchemshiwa maji ya mashuka tu. Ukutani pameandikwa: DAMU, MAZIWA, YAI – MAJI BARIDI KWANZA. Makoti ya Dada Makoti hurudi meupe, na hospitali nzima imeanza kuleta yake. Kila Jumapili Maswali hupiga simu, na kabla ya salamu kuisha Dobi huuliza: "Na jasho je? Lile la njano, linatokana na nini?"

Juzi mteja mpya alimuuliza Dobi binti yake anasomea nini.

"Biokemia," alisema Dobi.

"Bio nini?"

Dobi aliweka pasi chini. "Kaa hapo kwenye benchi. " Kisha akamgeukia Shangazi: "Dada, niletee yale mabeseni matatu."